Korneti Iliyopakwa Mafuta

Papa Clara alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyokuwa yanacheza, na maisha yake yote yalikuwa yameegemea hayo meno mawili.

Tunamwita Papa Clara kwa sababu ni baba yake Clara; jina lake kamili ni Télesphore Bulambo, mzaliwa wa Uvira, mume wa rafiki yangu Pulchérie. Wao wanakaa ghorofa ya sita hapa North York, Toronto, sisi tuko ya tano chini yao, kwa hiyo nilimsikia akipuliza miaka kumi na minane juu ya dari yangu. Ukimwona kituo cha basi na koti lake la kiwandani ungesema ni mkata kuku tu, na kweli alikuwa mkata kuku. Lakini alikuwa pia mpiga korneti wa jazi, ile jazi kali ambayo wenyewe wanaiita hard-bop, na hilo la pili hapa kwetu hakuna aliyelihesabu kuwa kitu.

Korneti ni ndugu mfupi wa tarumbeta. Alipewa akiwa na miaka kumi na mmoja katika bendi ya shule ya misheni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote na hiyo ndiyo iliyokuwa chombo kidogo kuliko vyote. Walipiga sikukuu, walipiga mazishi. Mzungu aliyewafundisha alipoondoka aliacha sanduku la santuri, na katika hizo santuri mlikuwa na hard-bop. Papa Clara alinieleza kwamba alipoisikia mara ya kwanza alidhani ni watu wa kanisani wamekasirika. Sauti ni zile zile za ibada, kupiga makofi ni kule kule, mmoja anaita na wengine wanaitikia, ila hawa walikuwa wamechoka kuomba kwa upole. Akasema moyoni, mimi nitapiga hivi.

Alikwenda Bujumbura kijana, akapiga kwenye hoteli ya pale ziwani. Wageni walitaka rumba, akawapa rumba, na ile yake aliipiga mchana viti vikiwa vitupu. Vita ikaja. Akavuka ziwa mpaka Kigoma, kwetu, korneti imefichwa ndani ya gunia la unga. Kambini akawa mpigaji wa mazishi. Mwaka ule wa surua alizika watoto wengi kwa ile korneti, wakati mwingine watatu asubuhi moja, na siku moja mama mmoja akamtemea mate kwa sababu alikosea noti kwenye kaburi la mtoto wake. Hapo ndipo alipotunga wimbo wake, akauita Mazishi ya Asubuhi. Aliniambia hakuutunga kwa huzuni, aliutunga kwa aibu ya ile noti.

Walifika Toronto mwaka elfu mbili na moja, yeye, Pulchérie na binti yao Clara. Kiwandani vidole vyake vilipata baridi mpaka viwili vikawa havikunjiki vizuri. Hata hivyo kila siku kabla ya zamu alipuliza, na kila siku mtu fulani aligonga ukuta.

Riyaz alimpata dukani kwake. Huyu Riyaz ni Mwismaili wa Mwanza, mzee sasa, ana duka la miwani Richmond Hill, na Kiswahili chake utadhani hajaondoka sokoni kule. Papa Clara alimpeleka Clara akapimwe macho, na korneti alikuwa nayo mkononi kwa sababu hakuwahi kuiacha nyumbani isipokuwa akienda kiwandani.

"Ebu mzee, hicho kikasha cha nini?" Riyaz akamwuliza. "Umekuja kuniibia miwani na bunduki?"

"Ni korneti."

"Korneti! Fungua tuone. Mimi napiga dramu, mke wangu anasema napiga sufuria."

Tangu siku ile ikawa Jumamosi kwa Jumamosi, alasiri, kwenye mgahawa mmoja karibu na Regent Park. Riyaz kwenye dramu, mtu wa piano, mtu wa besi ile kubwa ya kusimama, na Papa Clara mbele. Riyaz alikuwa na mdomo. Mara amwambie, "Bulambo, leo unapiga kama mtu aliyekanyagwa mguu." Mara, "Punguza, bwana, watu wanakula." Papa Clara alicheka tu. Nadhani ndiyo saa tatu za wiki alizokuwa anacheka.

Sasa shida ikaja kwa meno. Fizi zilikuwa zimeoza ndani kwa ndani. Mpuliza korneti anakandamiza kile kikombe kidogo cha chuma kwenye midomo, na nyuma ya midomo ni meno ndiyo yanayobeba. Daktari wa meno akamwambia yale mawili yatoke, na kwamba akiwekewa ya bandia hatapuliza tena hivyo, afadhali ajue mapema. Papa Clara akamwomba angoje kidogo, kwa sababu Riyaz naye alikuwa amesema neno. Viganja vimechoka, anafunga bendi. Ila kabla ya kufunga watarekodi, mara moja tu, Jumamosi ya katikati ya Februari, saa tisa mpaka saa kumi na mbili, mbele ya watu. Na wimbo wa pili utakuwa Mazishi ya Asubuhi.

Miaka hamsini alikuwa anapuliza, na hakuna mahali popote duniani sauti yake ilipokuwa imehifadhiwa. Mtu akipiga kaburini, ikiisha imeisha. Akamwambia daktari, Jumanne baada ya hiyo Jumamosi, yatoe yote ukitaka. Wakapanga hivyo. Akaacha kupuliza nyumbani ili ayatunze meno yafike. Wiki mbili dari yangu ilikuwa kimya.

Sasa upande wa kanisa. Kanisa letu liko juu ya duka la matairi, kwenye mtaa wa viwanda, na Papa Clara alipiga pale kila Jumapili mpaka mtu alipoleta kwenye simu picha yake akipiga mgahawani, chupa za bia mezani. Mchungaji Destin akamwita mbele ya wazee.

"Hiyo korneti ulipewa na misheni," akamwambia. "Ni chombo cha hekaluni. Unamjua yule mfalme aliyenywea pombe vyombo vya hekalu, mkono ukamwandikia ukutani?"

"Mchungaji, ule muziki umetoka kanisani," Papa Clara akajibu. "Mimi naupeleka nje ukatembee tu, halafu unarudi."

"Utachagua."

Hakuchagua. Wakamwekea benchi la nyuma, karibu na pale tunapotundika makoti, miaka mitatu, haruhusiwi kupiga wala kuongoza sala. Shemasi Otilia, mama mwenye ulimi, alikuwa akimpita anamwuliza kwa sauti watu wasikie, "Papa Clara, leo umekuja na mdomo, au umeuacha baa?" Watu walicheka. Alikuwa anainuka kumpisha.

Pulchérie alimpenda mume wake, hilo nitalisema popote. Alikuwa anaogopa kwamba siku ya mwisho atamtafuta upande wa waliookolewa na hatamwona. Aliposikia habari ya kurekodi hakulala vizuri, kwa sababu kupiga baa kunaisha, lakini kilichorekodiwa kitabaki kikimshitaki. Basi Ijumaa, Papa Clara akiwa zamu ya mchana, akanigongea. Alikuwa amefunga korneti kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa.

"Mama Carmel, nisindikize kanisani. Tuiombee tu."

Tulipanda basi. Tulikuwa wanawake sita na Mchungaji. Mafuta yalikuwa ya zeituni, chupa kubwa ya duka la Waitaliano, yameombewa kwa mfungo wa siku tatu. Mchungaji akapaka kidogo kwa nje, alama ya msalaba, akataka kuifunika chupa. Otilia akamzuia.

"Mchungaji, pepo anakaa nje au anakaa ndani?"

"Ndani."

"Basi unampaka nini huko nje, poda?"

Tukacheka. Mchungaji akaniambia niishike korneti mdomo mpana uangalie juu, nikaishika, akamimina. Otilia akawa anabonyeza pistoni, vile vitufe vitatu vya juu, ili mafuta yafike kila chumba. Yalitokea upande wa pili yakiwa meusi, na wanawake wakapaza sauti kwamba uchafu umetoka. Mchungaji akaomba kesho yake kinywa cha korneti kifungwe. Nilisema amina kama wengine. Tukaifuta vizuri kwa kitambaa na Pulchérie akairudisha kwenye kikasha chake kabla mume hajatoka kazini.

Jumamosi Papa Clara alivaa suti ya harusi aliyoazima kwa watu, maana yake mwenyewe hakuwa nayo. Pulchérie alikataa kwenda. Clara alikuwa kazini. Akaniomba mimi.

"Mama Carmel, asikosekane walau mtu mmoja wa kwetu."

Ndani ya lifti alifungua kikasha akabonyeza pistoni bila kupuliza, akatabasamu, mdomo umefumbwa kwa sababu ya meno. "Leo zimelainika kuliko siku zote," akasema. "Hata korneti inajua siku yake." Mimi nikasema, Bwana asifiwe.

Nje kulikuwa na baridi ile ya kukata masikio. Basi lilichelewa, tukasimama nusu saa, yeye amekumbatia kikasha ndani ya koti. Tulipofika mgahawa ulikuwa umejaa, vinasa sauti vimesimamishwa kila mahali, na pembeni ameketi Patrick, mpiga tarumbeta wa miaka thelathini na kitu aliyesoma muziki chuoni. Riyaz alimwalika kusikiliza.

"Bulambo, umependeza, unataka kuoa?" Riyaz akamwambia.

"Nataka kurekodi."

"Basi panda."

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia bila dari katikati. Sijui muziki, siwezi kusema alifanya nini, ila alikuwa kama mtu anayegombana na Mungu kwa heshima zote, na yule wa besi alikuwa ameacha kuangalia vidole vyake akawa anamwangalia yeye. Kufikia mwisho nikasikia ndani ya sauti kitu kinachemka, kama mtu anasukutua. Baadaye ndiyo nilielezwa: yale mafuta yalikuwa yameamsha uchafu wa miaka ulioganda kwenye mabomba, na kila alipopuliza aliusukuma kwenda kwenye pistoni.

Wakaanza Mazishi ya Asubuhi. Alipiga sehemu ya kwanza, ile ya polepole. Akabonyeza pistoni ya katikati ikashuka, haikupanda. Akaivuta kwa kucha. Ikapanda, ya kwanza ikashuka. Sauti ikakwama kwenye noti moja, mbaya, ndefu, na watu wa meza ya mbele wakadhani ndiyo jazi wakapiga makofi.

Riyaz akasimamisha. "Bulambo, nini?"

"Imeshika. Nipe dakika kidogo."

"Dakika kumi. Mashine za kurekodi ni za kukodi, zinarudi saa kumi na mbili."

Akakimbilia maliwatoni na korneti. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alifungua pistoni, zikatoka zimevaa utando mzito wa manjano na nyeusi. Akanusa. "Hii ni nini? Mama Carmel, hii ni nini?" Akaziosha kwa maji ya bomba, nayo yalikuwa baridi kama barafu, utando ukaganda zaidi. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimesimama pale na mkoba wangu, na nikamwambia, "Labda ni baridi, Papa Clara." Nilidhani ni Bwana yuko kazini na mimi nisiingilie.

Aliporudi Patrick alikuwa amesimama, amenyoosha tarumbeta yake, kijana mwenye adabu. Kikombe cha korneti hakiingii kwenye tarumbeta, ilibidi atumie cha Patrick. Kile cha kwake alikuwa amekisaga upande mmoja miaka na miaka ili kikwepe yale meno mawili. Hiki cha Patrick kiliyakalia. Akapiga noti tatu. Ya nne haikutoka, ikatoka damu, ikateremka kwenye kidevu mpaka kwenye shati jeupe la watu. Mama mmoja akageuza uso wa mtoto wake.

Riyaz akaweka vijiti chini. Hakupandisha sauti. "Mzee wangu, nimeshika mahali hapa mpaka saa kumi na mbili tu. Patrick, noti za huo wimbo unaziona?"

"Naziona."

"Riyaz," Papa Clara akasema, "huo ni wangu."

"Ni wako, nani amekataa? Jina lako tutaliandika. Keti pale usikilize."

Aliketi meza moja na mimi, kitambaa mdomoni. Patrick aliupiga mara mbili, mara ya pili bila kosa. Mara ya pili watu walisimama.

Jumapili Pulchérie akainuka kutoa ushuhuda. Papa Clara alikuwa kwenye benchi lake kule kwenye makoti, mdomo umevimba. Hakujua lolote. Pulchérie akasema kwa machozi ya furaha kwamba Ijumaa tuliipaka korneti mafuta ndani na nje, na Jumamosi hiyo hiyo Bwana akaifunga mbele ya mashahidi, na Mama Carmel alikuwepo, aseme kama naongopa. Wote wakanigeukia. Nikasimama nikasema ni kweli. Walipiga vigelegele.

Papa Clara akauliza kutoka nyuma, "Mafuta gani?"

Vichwa vikageuka kule kwenye makoti.

"Ya zeituni," Pulchérie akajibu.

"Ya kupikia?"

"Yameombewa, Papa Clara."

Otilia akasema, "Sasa ulitaka tukaange nayo nini, kuku wa kiwandani kwako?" Kicheko kikaanzia kwa kina mama kikafika mpaka kwa watoto. Mchungaji mwenyewe alijifunika mdomo.

Papa Clara akachukua koti lake akaondoka kwa miguu. Alifika nyumbani, akajaza beseni la kuogea maji ya moto na sabuni ya vyombo, akaifungua korneti kipande kipande, akaisugua kwa brashi. Haikuchukua hata saa nzima. Tuliporudi kutoka kanisani nilimsikia juu akiupiga Mazishi ya Asubuhi wote, mwanzo mpaka mwisho, na mdomo ule ule uliovimba, na pistoni hazikugoma hata mara moja. Mtu akagonga ukuta. Alipomaliza akampigia Riyaz, na kwa sababu alikuwa amesimama kwenye roshani nilisikia upande wake wote.

"Imepona, bwana. Kesho Jumatatu, saa moja tu. Ni sabuni tu ilikuwa inatakiwa, Riyaz, sabuni ya vyombo." Akasikiliza. "Najua zimerudishwa. Hata kwa simu yako basi. Weka simu mezani mimi nipige." Akasikiliza tena. "Hapana, sijakasirika. Patrick amepiga vizuri. Ndiyo. Msalimie mama."

Jumanne daktari aliyatoa, na mengine mawili ya jirani, kwa sababu hayo nayo yalikuwa yamelegezwa na kile kikombe cha Patrick.

Otilia alipoona pengo alisema, "Bwana hafanyi kazi nusu."

Miezi miwili baadaye, akiwa na meno ya bandia, Mchungaji alimtoa benchi la nyuma. Alitangaza kwamba ndugu yetu amerudi na chombo kimerudi hekaluni, akamwita apige. Papa Clara alikwenda. Sijui kwa nini alikwenda, nadhani alitaka kuhakikisha. Akaweka korneti mdomoni, akapuliza, meno yakasogea, ukatoka upepo mtupu na mluzi. Akajaribu tena. Mchungaji akamshika bega, akasema Bwana anasikia hata pumzi, na sisi wote tukasema amina. Clara alikuwa amekuja siku hiyo. Akamwambia baba yake kwa Kiingereza, mbele yetu, kwamba angekuwa yeye asingekubali kuchekwa hivyo, na angeacha mapema, kwa kweli hakujua hata alikuwa anatafuta nini miaka yote hiyo. Baba yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba gari liwashwe, kuna baridi.

Mwezi wa tisa Riyaz alileta CD yeye mwenyewe, hakutaka kuituma. Hakukaa. Alimpa Papa Clara mkono mlangoni akasema, "Angalia ndani, jina lako lipo," akateremka. Kweli lilikuwepo, T. Bulambo, herufi ndogo, mbele ya jina la wimbo.

Mimi nilikuwa jikoni kwao, namsaidia Pulchérie kumenya ndizi. Papa Clara akaiweka kwenye redio, akaruka wimbo wa kwanza, nikadhani ni ule aliopiga mwenyewe. Nilimwuliza mbona anauruka. Akasema wake haumo, waliuacha kwa sababu ya ile sauti ya kuchemka mwishoni.

Basi Mazishi ya Asubuhi ukaanza. Tarumbeta ya Patrick ilijaa jikoni, safi, kila noti mahali pake. Pulchérie akapunguza kasi ya kisu, akasikiliza kichwa kimeinama upande, kama asikilizavyo mahubiri mazuri. Aliacha kumenya kabisa.

"Huyu ni wewe?" akauliza.

"Siyo mimi."

"Nilijua. Huyu anapiga vizuri, Papa Clara. Huyu hata mimi namwelewa." Akachukua ndizi nyingine. "Ungekuwa unapiga hivi tangu zamani, nani angekukataza?"

Papa Clara alikuwa amekaa karibu na redio, mikono juu ya magoti, vidole vitatu vya kulia vinabonyeza suruali.

"Mama Carmel," akaniambia, "ongeza sauti kidogo."

Nikafuta mikono nikaongeza.